Kahawa ya Kwao Koku

Kahawa waliyotuletea msibani niliitema. Niliitema pale pale pembeni ya mkeka, mbele ya wanawake wenzangu, na yule binti aliyekuwa akigawa vikombe akanikodolea macho kama nimemtukana mama yake. Sikumtukana mtu. Ilikuwa kahawa ya kopo, iliyochanganywa huko inakochanganywa mpaka haijulikani imetoka mlima gani, kisha wakaimwagia tangawizi ili isijulikane kabisa. Katika msiba mwingine ningeinywa na kushukuru, maana mimi si mtu wa kuchaguachagua. Lakini huu ulikuwa msiba wa Koku. Koku mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili, amefunikwa shuka jeupe, na mimi niliona kwamba kugawa kahawa ya namna ile ndani ya nyumba yake ni kumvunjia heshima mtu ambaye hawezi tena kufungua mdomo akajitetea. Basi nikatema, na sijutii.

Kijana mmoja wa mtaa, ndiye aliyekuwa anasimamia mazishi, akawa anapita kati yetu akiuliza, "Ndugu wa marehemu ni nani hapa? Yupo ndugu yake?" Watu wakatazamana. Kirumba yote ilimjua Bibi Koku, muuza samaki wa kukaanga, mzee asiye na mume wala mtoto, mkali kwa wasiolipa na mwepesi wa kuwapa watoto vichwa vya sato. Watu wa Bukoba wachache walikuja, lakini walikuja kwa sababu ya lugha tu, hakuna aliyejua ukoo wake. Kijana akauliza tena, safari hii kwa sauti. Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa tayari kulitoa mbele ya watu. Nikainuka, nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe linalotazama ziwa, nikaanza kuukumbuka ule mwaka ambao sisi wawili tulichambua kahawa.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya reli kufika Mwanza. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka Buswelu kuja kutafuta kazi mjini. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kazi hapa. Nikaandikwa katika ghala moja la kahawa karibu na gati. Kahawa ilikuja kwa meli kutoka Bukoba, sisi wanawake tukaichambua, kisha ikapakiwa kwenye treni kwenda Dar es Salaam, na baada ya hapo kwa Wazungu wenyewe. Tulikaa sakafuni, miguu tumeinyoosha, kila mtu na ungo wake, vumbi la maganda likitupanda puani mpaka jioni tunakohoa kama wazee. Siku ya kwanza niliketi karibu na mlango, kando ya mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitika, "Marahaba," kisha akatazama vidole vyangu vinavyorukaruka na kusema, "Polepole wewe. Hii siyo mtama wa kwenu wa kupepeta. Nyeusi toa, iliyotobolewa toa, iliyovunjika toa. Nzuri iache ipumzike." Huyo ndiye Koku. Jina lake lilikuwa refu zaidi ya hapo, lakini sisi watu wa ghala hatukuwa na muda wa majina marefu.

Kabla mwezi haujaisha nilihamia chumbani kwake Kirumba. Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo, na dirisha dogo lisilo na kioo, ambalo liliingiza upepo wa ziwa na harufu ya dagaa waliotandazwa juu ya mawe. Kulikuwa na kitanda cha kamba kimoja, mkeka mmoja, mafiga matatu uani, na msumari mmoja ukutani. Kwenye ule msumari kilining'inia kikapu kidogo chenye mfuniko, kazi ya mikono ya kwao, kimesukwa vizuri hata maji nadhani yasingepita. Nilidhani ameweka fedha humo. Siku ya kwanza kuingia, hata sijatua mzigo wangu, alikitungua kile kikapu, akakifungua na kuninyooshea kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na vitunda vikavu, vyeusi, vigumu, vyenye harufu ya majani na moshi. Nikachukua kimoja, nikakitia mdomoni, nikakiuma, Mungu wangu! Jino lilitaka kuruka. Nikakitema kiganjani. Koku alicheka mpaka akakaa chini.

"Ndiyo mnavyokaribishwa kwenu, kwa mawe?" nikamuuliza.

"Kwetu mgeni akiingia anapewa kahawa ya kutafuna," akasema. "Hatupiki chai, hatusemi habari nyingi. Tunampa hii kwanza. Tunaichuma mbichi, tunaichemsha na majani yake, tunaianika. Hebu rudisha mdomoni, we Msukuma. Usiume. Kaa nayo."

Nikakaa nayo. Mwanzoni ilikuwa uchungu mtupu. Baadaye, ilipolainika, ukaja utamu fulani wa mbali, wa ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nyuma yake kitu kama jivu, jivu la jikoni baada ya mvua kulinyeshea. Sikuwa na maneno ya kuyasema hayo wakati ule. Nilimwambia tu, "Inanuka nyumbani kwa mtu." Koku akanitazama, akasema, "Ndiyo. Ni nyumbani kwa baba yangu."

Hapo ndipo aliponieleza, na mimi naeleza hapa kwa sababu bila hili hamtaelewa kilichotokea baadaye. Koku alitoka Kiziba, upande wa Bukoba karibu na mpaka wa Buganda, kwenye kilima kinachotazama ziwa. Alikuwa ameolewa, hakupata mtoto, mume akamrudisha, watu wakaanza maneno. Kaka yake aliyerithi shamba la baba yao, jina lake Kamugisha, akamwambia aende kwanza Mwanza, akae huko mpaka midomo itulie; chumba chake kipo, migomba ipo, kaburi la baba lipo pale pale chini ya migomba, hakuna wa kumfukuza. Na kila msimu wa mavuno Kamugisha alichuma kahawa ya shamba lile, akamchemshia mwenyewe, akaifunga kwenye jani kavu la mgomba na kumpa baharia mmoja wa meli, Rwegasira, aliyekuwa mtu wa kijiji chao. "Hiki kifurushi ndicho kinachonishika," Koku aliniambia. "Kikija, najua bado nina pa kurudi. Kisipokuja, basi, mimi ni mtu wa barabarani tu." Alikifunika kikapu, akakirudisha msumarini.

Maisha yetu yalikuwa ya kawaida na ya kubanana. Tulikula ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, siku njema sato. Yeye aliwaka tamaa ya ndizi, na meli ikifika alikimbilia gatini kununua mkungu uliopondekapondeka, akaupika akaula akiwa amenigeuzia mgongo ili nisimwone anavyofurahi. Mimi nikienda Buswelu nilirudi na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, na alipoiona tu ile michembe mikavu alikuwa haishi maneno. "Minza, hivi hiki ni chakula, au kuna mtu amekata viatu vyake?" Nami namjibu, "Na wewe je, unatafuna mchana kutwa, ng'ombe wa baba yangu nao wanatafuna, tofauti iko wapi?" Tunacheka. Sasa nikikumbuka kicheko kile, kifua kinaniuma. Unafikiri kuna siku nyingi za namna hiyo zinakungoja mbele, kumbe zote unazila pale pale.

Katika lile ghala kulikuwa na chumba kidogo chenye meza ndefu, na humo alikaa mzee Ramji, mwonjaji. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Mwanza, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kazi yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri ilikuwa kukaanga buni kidogo kutoka kila gunia jipya, kuisaga, kuimwagia maji ya moto vikombeni, kuifyonza kwa kijiko kwa kelele kubwa na kuitema kwenye debe. Sisi tulimwita Bwana Kufyonza, yeye akijua na hasemi kitu. Siku moja wanawake wawili walichanganya magunia. Walichota huku wakamimina huku, kwa uvivu tu wa kutembea. Tulingoja matusi. Badala yake mzee Ramji alitufungulia mlango wa chumba chake, akatupanga mbele ya meza, sote na vumbi letu, na kila mtu akapewa kijiko.

"Nyinyi mnachambua kitu hamkijui," akasema. "Ndiyo maana mnachanganya. Onjeni. Msimeze, temeni."

Kikombe cha kwanza kilitoka Karagwe, juu, mbali na ziwa, ambako alisema mvua ni haba kidogo na usiku ni baridi. Kilikuwa kikavu ulimini, safi, chenye uchachu mdogo, na hakikukaa mdomoni. Cha pili kilitoka kwenye kopo lake mwenyewe, kahawa ya Moshi, milimani, ambayo si jamii moja na hizi zetu. Hiyo ilikuwa chachu kama ukwaju na tamu kama ukwaju, wanawake wakaguna. Cha tatu kilikuwa cha vilima vya kando ya ziwa, Kiziba na jirani zake. Kizito. Cheusi. Kina uchungu unaokaa kooni kama mtu aliyekuja kukopa, na chini yake kuna udongo mwekundu ulionyeshewa. Mwenzangu mmoja akauliza, mbona mti ni mti na buni ni buni? Mzee Ramji akavua miwani. "Mti unakula mahali ulipo," akasema. "Unakula udongo, unakula mvua, ukungu wa ziwa, maganda ya ndizi anayotupa mama jikoni. Sasa mahali pakiwa tofauti, matunda yatakuwaje sawa? Mtoto aliyelelewa Buswelu na mtoto aliyelelewa Bukoba, hata wakiwa mapacha, utawajua wakifungua mdomo tu." Nilimtazama Koku. Alikuwa ameshika kile kikombe cha tatu kwa mikono miwili, na hakuwa ametema. Alimeza. Mzee Ramji alimwona akimeza na hakumkemea.

Tangu siku ile kazi ikanibadilikia. Ile buni iliyokuwa vumbi na maumivu ya mgongo ikawa na sura. Nilianza kuzitambua kwa harufu kabla ya kusoma alama za gunia, nikawa najisifu mbele ya Koku, "Hii ya juu. Hii ya ziwani," naye ananipima, akisema ndiyo au hapana. Chumbani alinipa kitunda kimoja kimoja kutoka kwenye kikapu na kunifundisha cha kwao peke yake. Majirani zao wa kilima cha pili, alisema, kahawa yao haina ule utamu wa ndizi, maana wao migomba yao ni michanga. Na shamba la baba yake lilimwagiwa jivu la jikoni tangu bibi wa bibi yake. Mtu mwingine angesema ni majivuno ya mtu aliye mbali na kwao. Mimi nilizionja. Alisema kweli.

Mwaka ule ule bei ya kahawa ilianguka. Sisi hatukuelewa imeangukaje, tuliona tu meli inakuja na magunia machache, wanawake wanaambiwa leo rudini nyumbani, kesho mtaitwa. Mvua ikanyesha bila mpango, homa ikazagaa Kirumba, kila nyumba ina mtu anayetetemeka chini ya blanketi. Ndipo siku moja, tukiwa sakafuni na nyungo zetu, tukamsikia tajiri mwenye ghala anagombana na mzee Ramji ndani ya chumba cha kuonjea. Mlango ulikuwa wazi na hawakujali kama tunasikia.

"Mwaga yote rundo moja," tajiri alisema. "Kazi ya kutenganisha inanimaliza."

"Ukimwaga yote pamoja, haina kwao tena," mzee Ramji akajibu. "Mimi nitaonja nini? Nitamwambia mnunuzi imetoka wapi?"

"Ulaya hawaulizi kwao ni wapi, Ramji. Wanauliza bei."

Asubuhi iliyofuata wanaume walikuja na makoleo. Walikata magunia, ya Karagwe, ya Kiziba, ya Ihangiro, ya visiwani, wakayamwaga katikati ya ghala na kuyapindua kwa koleo, vumbi likapanda mpaka darini. Koku alisimama na ungo wake ukiwa mtupu. Mzee Ramji alifunga mlango wake, na sikumsikia akifyonza siku ile wala siku zilizofuata, mpaka nikaanza kuzitamani zile kelele tulizokuwa tunazicheka.

Msimu ukafika na kifurushi hakikuja. Meli ya kwanza Rwegasira alishuka mikono mitupu, akasema hakumwona Kamugisha. Meli ya pili akasema ana haraka. Koku akawa anaamka kabla ya jua, anakaa juu ya mawe kuangalia moshi wa meli. Chakula anakigusa tu. Kikapuni vilibaki vitunda vya kuhesabika, na mgeni akiingia alikuwa bado anamnyooshea, maana afanyeje? Kwao kumnyima mgeni kahawa ni aibu. Mimi nikaanza kuwachukia wageni. Nilisimama mlangoni nikawadanganya kwamba dada amelala.

Kisha kikaja. Alasiri moja Rwegasira alipiga hodi mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoa kifurushi kikubwa kuliko vyote vya nyuma, kimefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Koku alipiga kigelegele! Alinikumbatia, akamkumbatia Rwegasira, akakaa chini na kukifungua kwa meno. Akatia kitunda kimoja mdomoni. Sisi tunamtazama. Taya likasogea, likasogea tena, likasimama. Akatoa kile kitunda, akatia kingine. Kisha cha tatu. Uso wake ukawa unazimika polepole, mimi nauona.

"Hii si ya kwetu," akasema.

"Labda mvua ya mwaka huu, dada," nikasema. "Imenyesha vibaya kila mahali."

"Onja."

Nikaonja. Nataka niseme kwamba niliomba kwa moyo wangu wote niikute ile ladha. Nilikaa nayo mdomoni mpaka ikalainika kabisa. Ilikuwa kavu, safi, imepikwa kwa ustadi, na haikukaa. Hakuna ndizi. Hakuna jivu. Ilikuwa ya juu, ya mbali na ziwa, na kama nisingekuwa nimefundishwa ningesema ni nzuri. Nikashindwa kumdanganya. Rwegasira naye alikuwa ametazama chini tangu alipoingia.

"Rwegasira," Koku akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "wewe ni mtoto wa kijiji chetu. Shamba liko wapi?"

Yule baharia, mtu mzima mwenye kifua kama mlango, akaanza kulia. Kamugisha alikuwa ameliuza. Kahawa ilipokosa bei, na kodi ikamkaba, akampa jirani tajiri shamba lote, akavuka kwenda Buganda kutafuta vibarua. Mwenye shamba mpya amekata migomba ya zamani na kung'oa mibuni, anataka kupanda upya kwa mistari. Na kaburi? Koku akauliza. Rwegasira akasema kaburi limo ndani ya ua wa watu sasa. Kabla ya kuondoka, Kamugisha alinunua kahawa sokoni, iliyoteremshwa kutoka Karagwe, akakaa usiku kuichemsha na kuifunga kama siku zote. Akamsihi Rwegasira amwambie dada yake kwamba nyumbani ni wazima. "Alisema ukijua utakufa," Rwegasira akasema. "Alinishika miguu, Koku. Ningefanyaje?"

Koku hakulia. Alikifunga kile kifurushi tena kama kilivyokuja, akampa Rwegasira awapelekee mabaharia wenzake, akamshukuru kwa safari. Halafu akalala kitandani, uso ukutani.

Akalala hivyo siku nyingi. Mimi nilikwenda ghalani peke yangu, nikarudi, nikakuta uji wa asubuhi umeganda pale pale. Nilimsemesha, nikamtania, nikamletea michembe nikamwambia nimemletea viatu, hakucheka. Niliogopa kweli. Niliogopa nitarudi jioni moja nikamkuta ameshakwenda, maana mtu anaweza kufa kwa kukataa tu kuamka, nimewaona. Nikakaa uani nikafikiri, na akili yangu ya Buswelu ikanipa jibu. Nilichukua vitunda viwili kutoka kwenye kikapu, vya zamani, vya kwao hasa. Nyuma ya nyumba, penye kivuli, nikachimba mashimo mawili, nikavifukia, nikamwaga jivu la mafiga yetu juu yake, nikamwagilia. Kila asubuhi na kila jioni nikamwagilia. Nilijiambia, kama shamba limekufa Kiziba, tutaliotesha Kirumba.

Siku moja nageuka na kopo langu la maji, namwona Koku amesimama mlangoni, amejifunga khanga, amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. "Unafanya nini hapo?"

"Nimepanda kahawa yenu," nikamwambia. "Itaota. Nimeweka na jivu."

Akatazama yale mashimo. Akanitazama mimi. Midomo ikaanza kumcheza. "Minza," akasema, "zimechemshwa. Zimechemshwa zikaiva, mdogo wangu. Wewe ungepanda ugali ukavuna mahindi?" Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kilichogeuka katikati kikawa kilio, na akalia pale mlangoni kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Mimi nililia pamoja naye, kwa aibu na kwa shukrani. Jioni ile alikula ugali.

Ilikuwa siku ya mapumziko, mchana, jua kali, aliponiita ndani na kufunga mlango. Kikapu kilikuwa mapajani mwake, na ndani kulikuwa kumebaki kitunda kimoja. Alikivunja ganda kwa wembe, taratibu, akanionyesha: ndani ya tunda moja la kahawa kuna punje mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. "Kwetu watu wasiozaliwa pamoja wakitaka kuwa ndugu," akasema, "wanachanjiana. Kila mtu anachanja tumboni karibu na kitovu, punje moja inapakwa damu yangu unaimeza wewe, nyingine inapakwa damu yako naimeza mimi. Ni mambo ya wanaume hasa. Lakini hapa Mwanza nani atatukataza?" Nikamuuliza, tukishachanjiana inakuwaje? Akasema, "Nikiwa na njaa unanilisha. Nikifungiwa mlango unanifungulia. Nikifa unanizika, na mtu akiuliza huyu alikuwa na nani, husemi hujui."

Tukachanjiana. Iliuma kidogo tu. Nilipotia ile punje mdomoni, nikataka kuimeza haraka kwa sababu ya damu, akanishika mkono. "Usimeze upesi. Kaa nayo. Ijue." Nikakaa nayo. Chumvi ya damu ilikwenda, uchungu ukaja, na nyuma yake, kwa mbali, ndizi iliyoiva na jivu lililonyeshewa. Tulikaa tumetazamana, kila mtu na nusu yake, mpaka zikaisha. Kisha Koku akachukua kile kikapu kitupu na kukirudisha msumarini.

Hakurudi Kiziba kamwe. Ghala likafungwa, mzee Ramji akafa kwa homa ya mvua zilizofuata, mimi nikaolewa, nikazaa, nikazika. Koku akaanza kukaanga samaki. Hakutafuna kahawa tena mpaka mwisho, na mgeni akiingia alimpa maji. Vita vikaja vikapita, bendera zikabadilishwa, wajukuu wangu wakawa wanamwita bibi bila kuuliza ni bibi wa upande gani. Sisi wenyewe hatukulisema lile jambo hata mara moja. Ila nilikuwa nikimkuta wakati mwingine amekaa peke yake na taya linasogea, mdomoni hamna kitu.

Haya ndiyo niliyokuwa nayakumbuka juu ya lile jiwe mpaka wakatoka na jeneza. Nikajikokota nyuma yao na magoti yangu haya. Kaburini yule kijana akauliza kwa mara ya mwisho, "Ndugu wa marehemu atangulie kutia udongo. Hakuna ndugu?" Nikasukuma watu nikapita.

"Mimi," nikasema.

Mzee mmoja wa Kihaya akanitazama kwa adabu. "Shikamoo, mama. Samahani, lakini wewe si Msukuma?"

"Marahaba. Ni Msukuma."

"Basi kwao marehemu ni wapi? Utujulishe, tupeleke habari."

"Kwao hakupo," nikamwambia. "Kilikuwa kilima cha Kiziba kinachotazama ziwa. Migomba ya zamani, jivu la jikoni, udongo mwekundu. Sijawahi kukanyaga. Lakini kati ya watu walio hai, anayepajua pale ni mimi peke yangu."

Niliinama nikachota udongo wa Kirumba, mchanga mtupu na magamba ya samaki, nikaumwaga juu ya ndugu yangu. Nikamwambia kwa sauti ndogo, asisikie mtu mwingine, "Nisamehe, Koku. Hapa kahawa haioti."